Amana ya Ardhi na Moto wa Kiangazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyekipa kila kitu kipimo chake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa letu limezuka swali ambalo tumeona si vyema lijibiwe mbele ya wachache waliohudhuria, na wengine wakalikosa. Tulikuwa tukizungumza juu ya ukame ulioipata nchi yetu tangu vuli ya mwaka 2020 mpaka vuli ya 2022, misimu 5 mfululizo bila ya mvua ya kutosha, hata wakafa wanyama wa kufugwa zaidi ya milioni 2, na watu zaidi ya milioni 4 wakawa hawana chakula cha kuwatosha. Mmoja wetu akasema: "Hii ni kadari, na dawa yake ni sala ya kuomba mvua, basi." Mwingine akasema: "Hii ni khabari ya hewa na moshi, ni kazi ya wataalamu, dini haina neno hapo." Sisi twaona kwamba kila mmoja wa ndugu hawa ameshika nusu ya neno. Wa kwanza amesahau kwamba Mola ameumba sababu, na wa pili amesahau kwamba mwanadamu ataulizwa juu ya sababu azifanyazo kwa mkono wake. Kwa hivyo tumeonelea tuanze na lile jambo lenyewe lilivyo, kisha tuingie katika hukumu yake.

Sura ya Yaasin twaisoma sote. Twaisomea wagonjwa wetu, twaisomea maiti wetu, na wengi wetu twaijua kwa moyo. Ndani yake umetajwa moto utokao katika mti mbichi, kuwa ni dalili ya uwezo wa Mwenyezi Mungu. Je, ni wangapi kati yetu waliopata kusimama hapo na kujiuliza: moto huo uliingiaje ndani ya mti?

Jani la mti lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kwa vitundu hivyo lavuta hewa ya ukaa, ile ile tuitoayo sisi tupumuapo, na ile ile itokayo katika moshi wa jiko na wa gari. Kwa nguvu za jua, na kwa maji yapandayo kutoka mizizini, jani hulifanya hilo kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo iwayo mbao na magome na mizizi na matunda. Ukiukausha ubao kisha ukaupima, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, nayo ndiyo asili ya makaa tuyatiayo jikoni. Basi mwembe hauli udongo kama tudhanivyo. Uzito wake mwingi umetoka hewani. Na majani yakipukutika na mizizi ikifa, sehemu ya kaboni hiyo huingia ardhini ikakaa, hata ikawa udongo wa dunia umehifadhi kaboni nyingi kuliko miti yote na hewa yote kwa pamoja.

Hii, ndugu zetu, ndiyo tuiitayo amana. Mti haukuumbwa kwa kivuli na boriti tu. Mti na ardhi vimewekeshwa kitu, navyo vyakihifadhi kwa ajili yetu. Wenye ilimu ya mambo haya wamehesabu kwamba katika kila sehemu 10 za hewa ya ukaa tuitoayo wanadamu kila mwaka, karibu sehemu 3 zachukuliwa na mimea na udongo wa nchi kavu. Lau si hivyo, joto lililokwisha kuzidi duniani lingekuwa kubwa zaidi kuliko hili tulionalo.

Lakini muweka amana huyu ana sharti moja, nayo ni maji. Kiangazi kikizidi, mti hufunga vile vitundu vya majani yake ili usikauke. Umehifadhi maji, lakini mlango wa kuingilia hewa ya ukaa ndio huo huo, nao umefungwa. Mti hauli tena. Ukiendelea hivyo muda mrefu hudhoofika, hushikwa na wadudu, na mwisho hufa. Na mti uliokufa hautwai kitu, bali huoza na kurudisha hewani ulichokuwa umekihifadhi. Katika mwaka 2003 bara la Ulaya lilipatwa na joto na ukame wa ajabu. Walipopima, wakaona kwamba mimea ya huko, badala ya kuweka, ilitoa karibu tani milioni 500 za kaboni, yaani ilipoteza katika mwaka mmoja kiasi cha akiba ya miaka 4. Na mwaka 2005 msitu mkubwa wa Amazon, huko Amerika ya Kusini, ulipata ukame. Khasara yake ilikadiriwa kuwa baina ya tani bilioni 1.2 na 1.6 za kaboni. Hapo hatujataja moto bado. Hayo ni kazi ya kiu peke yake.

Ama moto, huo humaliza kwa siku moja kilichowekwa kwa miaka. Walakini yapasa tuwe waadilifu katika kusema, kwani si kila moto ni sawa. Nyasi za mbuga zikiungua leo, mvua ikinyesha zitaota tena, na zitavuta tena kile kilichotoka. Hilo ni deni la msimu mmoja. Msitu ukiungua, deni lake hulipwa kwa miaka makumi, ikiwa utaachwa uote. Lakini iko ardhi ambayo ikiungua, deni lake halilipwi katika umri wetu, wala umri wa wajukuu zetu, wala wa vilembwe wao. Ardhi hiyo ni ile ya udongo wa mboji, na mfano wake mkubwa uko kwa ndugu zetu Waislamu wa Indonesia.

Indonesia ni nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi yoyote duniani, zaidi ya milioni 200. Katika visiwa vyake vya Sumatra na Kalimantan yako mabwawa yenye misitu, na chini ya misitu hiyo uko udongo mweusi uliofanyika kwa majani na magogo yaliyoanguka majini yasioze. Maji ndiyo yaliyoyahifadhi, kwa kuwa hewa haikuyafikia. Udongo huo huongezeka kwa kiasi cha milimita moja au mbili kwa mwaka, na mahali pengine umefika kina cha mita 10 na zaidi. Basi mpige hesabu wenyewe ni karne ngapi. Ardhi za namna hii zote za dunia hazipati hata sehemu 4 katika 100 za nchi kavu, lakini kaboni iliyomo yakadiriwa kupita ile iliyomo katika miti ya misitu yote ya ulimwengu.

Mwaka 1996 serikali ya huko ilianza kazi ya kugeuza eneo la karibu hekta milioni moja la mabwawa hayo ya Kalimantan kuwa mashamba ya mpunga. Wakakata miti, wakachimba mifereji ya urefu wa zaidi ya kilomita 4,000 ili maji yatoke. Maji yakatoka. Mpunga haukupatikana wa maana, kwa kuwa udongo ule haukuufaa. Mwaka wa pili, 1997, ukaja ukame mkali, na moto uliowashwa kwa kusafishia mashamba ukaingia katika ule udongo uliokaushwa. Udongo wenyewe ukawaka, moto ukawa watembea chini kwa chini wala hauzimiki kwa ndoo wala kwa matawi. Mwaka ule peke yake, moto wa misitu na mboji wa Indonesia ulikadiriwa kutoa baina ya tani bilioni 0.81 na 2.57 za kaboni, nayo ni sawa na sehemu 13 hadi 40 katika kila 100 za kaboni iliyokuwa ikitolewa kwa mwaka na mafuta na makaa ya mawe yote ya dunia.

Kisha mwaka 2015 yakarudi yale yale. Hekta milioni 2.6 ziliungua. Katika Septemba na Oktoba ya mwaka huo moto ule ulikuwa ukitoa kila siku tani milioni 11.3 za hewa ya ukaa, ilhali nchi zote za Umoja wa Ulaya, pamoja na viwanda vyao na magari yao, zilikuwa zikitoa milioni 8.9 kwa siku kwa kuchoma mafuta na makaa ya mawe. Moshi ukafunika Indonesia, Malaysia na Singapore, skuli zikafungwa, watu nusu milioni wakashikwa na maradhi ya kifua. Wataalamu walikadiria mwaka 2016 kwamba moshi ule ulifupisha maisha ya watu wapatao laki moja katika nchi hizo tatu.

Huenda msomaji akasema: "Indonesia ni mbali. Sisi yatuhusu nini?" Twamjibu: ewe ndugu, wewe ni mtu wa pwani. Babu zako walisafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, nao walijua kwamba bahari hii ni moja. Maji ya Bahari ya Hindi yakipata joto upande wetu na yakapoa upande wa Sumatra, mvua huja kwetu kwa wingi na ukame hushuka kwao. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997: walipokuwa wakiungua wao, sisi tulikuwa tukizama kwa mafuriko. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2019, Indonesia ikiungua, na huku kwetu ardhi ya Pokot Magharibi ikiporomoka kwa mvua ikawafunika watu majumbani mwao. Na mambo yakigeuka, wao hupata mvua nasi hupata kiu. Ni kama watu wawili waliopanda chombo kimoja, huyu akiinuka yule huinama.

Na juu ya hayo iko hewa, nayo haina mpaka. Hewa ya ukaa ikizidi, joto huzidi. Joto likizidi, udongo hunyang'anywa maji yake upesi kuliko kwanza. Wataalamu walioupima ukame wetu wa 2020 mpaka 2022 walisema mwaka 2023 kwamba kwa sababu ya joto hili lililosababishwa na wanadamu, ukame wa namna ile umekuwa rahisi kutokea mara 100 au zaidi kuliko zamani. Basi tazameni duara lilivyo: ukame huikausha ardhi, ardhi kavu huungua, moshi huzidisha joto, na joto huzidisha ukame. Ng'ombe afaye Garissa hajui ni moshi wa wapi uliomuua, lakini Mola wake ajua.

Sasa tuingie katika hukumu. Vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu ya Shafii vimelizungumza jambo hili kabla ya wataalamu wa hewa kuzaliwa. Mtu akiwasha moto katika ardhi yake mwenyewe, kwa kadiri ya ada, na upepo umetulia, kisha cheche ikaruka ikaunguza cha jirani, hana dhamana. Lakini akiuwasha katika upepo mkali, au akauzidisha kupita ada, hapo amefanya taadi, na ni juu yake kulipa alichokiharibu. Angalieni uzuri wa sharia hii. Haikusema tu moto ni wa nani na shamba ni la nani, bali imetazama hali ya wakati ule: je, alijua kwamba utaenea? Nasi twauliza, tukiwaachia maulamaa wenye ilimu kuliko sisi watupe jibu la mwisho: nchi ikiwa imekauka misimu mitatu au minne, nyasi zimekuwa kama karatasi, je, hali hiyo si sawa na upepo mkali, au kuzidi?

Maulamaa wa Indonesia wamekwisha kusema lao. Mwaka 2016, baada ya msiba ule, Baraza la Maulamaa wa nchi hiyo lilitoa fatwa nambari 30, kwamba kuchoma misitu na ardhi kwa namna iletayo uharibifu na madhara kwa watu ni haramu. Wala hawakumtaja mwenye kiberiti peke yake. Wamemtia pamoja naye mwenye kumsaidia, na mwenye kumwacha achome naye aweza kumzuia, na mwenye kula faida ya moto huo. Mwaka huo huo serikali yao iliunda idara ya kuzirudisha ardhi za mboji katika hali yake, na kazi yake kubwa ilikuwa kuziba ile mifereji ili maji yarudi. Hatusemi kwamba moto umekwisha kwa fatwa, kwani mwaka 2019 ziliungua tena hekta zipatazo milioni 1.6. Fatwa haizimi moto ikiwa imelala kabatini. Huzima moto pale mtu ainamishapo kichwa mbele yake, akakirudisha kiberiti mfukoni.

Wako watakaosema: "Walioijaza hewa moshi ni mataifa tajiri, sisi tumechangia nini?" Neno hilo lina ukweli, wala hatulifichi. Sehemu kubwa ya moshi wa dunia yatokana na mafuta na makaa ya mawe yaliyochomwa katika nchi za viwanda, na hao wana deni kwetu, na yafaa wadaiwe. Lakini tangu lini dhambi ya mwenye nguvu ikawa ruhusa kwa mnyonge? Kila mtu ataulizwa juu ya amana aliyopewa yeye, wala hataulizwa juu ya ya jirani. Nasi amana yetu tunayo. Moto uliunguza nyanda za juu za Mlima Kenya mwaka 2012 na 2019, na za Aberdare mwaka 2022, nako ndiko yatokako maji ya Mto Tana tunywao huku chini. Na hapa pwani ipo mikoko yetu, ambayo tope lake lafanya kazi ile ile ya mabwawa ya Kalimantan: laficha kaboni chini ya maji isioze. Mkoko tuukatao bila ya kupanda wafungua amana iliyofungwa kabla ya babu zetu. Na mbali kidogo, katika bonde la Kongo, wataalamu walitangaza mwaka 2017 kwamba liko eneo la mboji lenye kaboni ipatayo tani bilioni 30. Eneo hilo lingali na maji yake. Mwenyezi Mungu atuepushe na siku litakapochimbiwa mifereji.

Ama yule ndugu aliyesema kwamba dawa ni sala tu, twamwambia: sala ya kuomba mvua ni sunna, tena yenye kutiliwa mkazo, nasi hatuiachi. Lakini hukumbuki yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga, akasema amemtegemea Mungu, na Mtume wetu (S.A.W.) akamfundisha kwanza afunge kamba, ndipo ategemee? Tena sala hiyo yatanguliwa na toba na kurudisha haki za watu. Basi vipi mtu atatoka kwenda uwanjani kuomba mvua, na nyuma yake ameacha shambani kwake biwi lawaka, moshi waenda kwa jirani na cheche zaenda msituni? Huyo mkono mmoja waomba na mkono wa pili wafukuza akiombacho.

Kwa hivyo, ndugu zetu, nasaha yetu ni hii. Mkulima asiwashe moto wa kusafishia shamba katika kiangazi kikali. Magugu ayafyeke ayaache juu ya udongo, yatahifadhi maji na kuoza yakawa mbolea. Ikiwa hana budi kuchoma, kwanza afyeke ukanda mtupu kulizunguka biwi, angoje upepo utulie, awaarifu majirani, awe na maji na watu, wala asiondoke mpaka ashike majivu kwa mkono. Mchoma makaa na mrina asali wajue kwamba kaa moja lililosahauliwa msituni ni dhamana shingoni mwao. Nasi tununuao makaa hayo mjini tusijione tuko mbali, kwani mwenye kula faida ametajwa. Makhatibu wetu na walitie jambo hili katika khutba kabla ya kiangazi kuingia, si baada ya moto kuonekana. Na kila chuo na kila msikiti upande miti uwezayo kuimwagilia, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba aliye na mche mkononi, hata Kiama kikimkuta, akiweza kuupanda aupande.

Mbingu na ardhi na milima viliiogopa amana, mwanadamu akaibeba. Siku ya kuulizwa haiko mbali, na ardhi siku hiyo itazungumza khabari zake. Itasema ni nani aliyeinywesha na ni nani aliyeiunguza.

Ewe Mola wetu, tunyweshe mvua ya rehema, isiyo ya kuzamisha wala kubomoa. Utujaalie tuwe wenye kuhifadhi ulichotuwekesha, na utusamehe tulichokipoteza kwa ujinga wetu. Amin.